Gia Kabla ya Tuta

Ukikaa kando ya lami pale Didia, kwenye barabara ya kutoka Tinde kwenda Shinyanga mjini, masikio yatakueleza habari za dereva kabla gari lenyewe halijakufikia. Magari yanaingia kijijini yakiwa bado na mwendo wa nyikani, yanakuta kibao cha 50, kisha matuta. Dereva wa kwanza anafika na gia ileile aliyotoka nayo huko. Anakanyaga breki kwa nguvu, gari linainamisha pua, linaparamia tuta huku injini ikitetemeka na kutaka kuzimika, ndipo mkono unapoanza kutafuta gia na chuma kinalia. Dereva wa pili yuko nyuma yake na Fuso lenye shehena. Huyu ameanza kupangua gia mbali, tangu kwenye kibao. Unasikia ngurumo ikipanda kidogo na kutulia, ikipanda tena na kutulia. Lori linapungua mwendo na breki hazijalia hata kidogo, na tairi za mbele zinapogusa tuta gia ya kuondokea imekwisha kuingia. Linavuka, linaondoka, na mzigo uko palepale ulipofungwa.

Huyo wa pili ndiye ninayetaka kumsifu. Ufundi wake hauandikwi kwenye cheti chochote, na anayebebwa naye hana la kusimulia akifika, kwa sababu abiria aliyebebwa vizuri husinzia. Nilipita miaka mingi bila kuusikia. Ngurumo za malori zilikuwa kelele tu kwangu, mpaka nilipoacha gari la otomatiki na kuanza kuendesha la gia za mkono kila siku, sokoni, shambani, mjini na kurudi. Tangu hapo kila lori linalovuka tuta lina jambo la kunifundisha.

Madereva wengi wa rika langu tumepita njia moja. Tulijifunza kwenye gari la chuo la manyo, yaani la gia za mkono, lenye kibao cha herufi L nyekundu, tukapata leseni ya daraja D, kisha tukanunua IST, Spacio au Noah, na mguu wa kushoto ukakosa kazi. Hakuna aliyetushawishi, soko lenyewe lilituelekeza. Magari yetu yanatoka Japani yakiwa yametumika, na Wajapani walishahamia otomatiki zamani. IST yenyewe, iliyoanza kuuzwa kwao mwaka 2002 na leo iko kila mtaa wa Shinyanga na Kahama, ukiikuta ya gia za mkono umekuta ajabu. Michomoko inayokimbiza abiria kati ya miji yetu nayo mingi ni otomatiki. Unaweka D, unakanyaga mafuta, unakwenda. Sina ugomvi na gari la namna hiyo. Lilinifikisha nilikotaka, iwe mvua iwe jua.

Lililonirudisha kwenye gia ni kirikuu. Nilihitaji gari la kubebea mizigo midogo: magunia ya mpunga, mifuko ya saruji, madumu ya maji wakati wa kiangazi, trei za mayai. Suzuki wamekuwa wakiunda Carry tangu mwaka 1961, na hiki kizazi tunachokiita kirikuu kina injini ya cc 660 tu, silinda 3, imefichwa chini ya kiti, na gia 5 za kuingiza kwa mkono. Ni gari dogo lenye nguvu ya kutosha na si zaidi. Hapo ndipo lilipo somo lake. Injini ya Land Cruiser mkonga yenye lita 4.2 inaweza kumsamehe dereva aliyekosea gia, kwa sababu ina nguvu ya akiba hata ikizunguka polepole. Kirikuu kikiwa na gunia kumi nyuma hakina cha kukusamehe nacho. Ukiwa kwenye gia nyepesi mno kinahema na kufa. Ukiwa kwenye gia nzito mno kinapiga kelele na hakiendi. Kinakulazimisha ujue, kila mita chache, unachotaka kufanya.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyeendesha malori ya pamba tangu enzi ambazo vyama vya ushirika vilikuwa na nguvu, ndiye aliyekubali kukaa kiti cha kushoto. Asubuhi ya kwanza niliitikia "Mwangaluka" yake huku nikiwa nimeshawasha injini. Akasema nizime. Alitaka kwanza nikanyage klachi na kuiachia, gari likiwa kimya, mpaka mguu ujue ni wapi inaanza kuwa nzito. Baadaye nikiwa njiani, kwenye mwinuko mfupi, aliniuliza, "Mwanangu, unasubiri nini?"

"Nasubiri gari lichoke, mzee, ndipo nishushe gia."

"Likichoka umeshachelewa. Wewe ndiye unayeuona mwinuko. Lenyewe halina macho."

Sijasikia maelezo bora zaidi ya tofauti kati ya gari nililoliacha na hili. Gia za otomatiki za magari yetu ya zamani huhisi mzigo baada ya mzigo kufika: injini inalemewa, mafuta yanakanyagwa zaidi, mfumo unapima, kisha unashusha gia. Huo ni utii mzuri, lakini ni utii wa baada ya tukio. Dereva wa manyo anaona kona, tuta, ng'ombe wanaosogea ukingoni mwa lami, mtoto mwenye baiskeli iliyobeba mkaa, na mkono unakwenda kwenye gia wakati gari bado halijahisi chochote. Dereva mzuri anaishi mita mia moja mbele ya gari lake.

Lakini kutangulia kunaanzia mguuni, kwa hiyo nikae kwanza kwenye klachi, maana watu wengi wanaikanyaga maisha yao yote bila kujua wanafanya nini. Injini ikiwaka haiwezi kusimama, ikisimama imezimika. Magurudumu lazima yasimame mara kwa mara. Kati ya vitu hivi viwili kinatakiwa kitu cha kuviunganisha na kuvitenganisha, tena taratibu. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili, linalozunguka muda wote injini inapowaka. Baada yake kuna klachi pleti, sahani nyembamba yenye ngozi ngumu pande zote mbili, iliyoshikana na shafti ya kuingia kwenye gia boksi. Presha pleti inaibana sahani hiyo kwenye flaiwili kwa springi zenye nguvu. Usipokanyaga kitu, vyote vitatu vinazunguka pamoja na nguvu inakwenda magurudumuni. Ukikanyaga, rilizi beringi inasukuma vidole vya presha pleti, sahani inaachiwa, na injini inabaki inazunguka peke yake.

Ufundi wote uko kwenye kuachia. Kuna sehemu fupi sana ya mwendo wa pedali ambapo sahani imeanza kugusa lakini haijabanwa. Hapo inateleza na kushika kwa pamoja, flaiwili inapungua kasi kidogo, shafti inaanza kuzunguka, na gari linajikusanya kabla halijatoka. Unaisikia kwenye nyayo na kwenye kiti, na sauti ya injini inashuka kidogo. Mzee alinizuia kugusa mafuta kabisa. Kwenye uwanja wa tambarare alitaka gari liondoke kwa klachi peke yake, injini ikiwa kwenye mzunguko wake wa kawaida wa kusimama. Ukiachia upesi, kirikuu kinaruka na kuzimika. Ukichelewa mno, sahani inasagika bure. Katikati kuna njia nyembamba, na siku mguu ulipoipata gari liliondoka taratibu hivi kwamba mimi mwenyewe niliangalia nje kuhakikisha kama linatembea. Mzee hakusema kitu. Alitoa kichwa dirishani akamwamkia mtu aliyekuwa anapita.

Halafu kuna mkono wa kushoto. Nchi yetu inaendesha upande wa kushoto, usukani uko kulia, kwa hiyo kazi ya gia inaangukia mkono ambao kwetu haupewi heshima kubwa: hatuli nao, hatupokei kitu cha mkubwa nao. Kwenye gari la manyo ndio unaopewa kazi nyeti kuliko zote. Dereva asiyezoea anaishika gia kwa ngumi na kuisukuma. Anayejua anaiwekea kiganja, anaipeleka mpaka fri, pasipo na gia yoyote, anaiacha ipumue hapo kidogo, kisha anaielekeza nayo inaingia. Ndani ya gia boksi kuna pete za shaba ambazo kazi yake ni kusugua gia mpaka mizunguko ya pande mbili ilingane, ndipo meno yakutane. Kule kupumua pale fri ndiko kunakozipa pete hizo muda. Anayelazimisha anazila pete zake kidogo kidogo, na baada ya miaka michache gia namba mbili inaanza kulia kila asubuhi.

Kwa mtu wa huku, mahali pa kuuona ufundi huu katika ukamilifu wake ni kwenye lori la ng'ombe. Usukumani ng'ombe ni wengi, na soko kubwa la nyama liko Dar es Salaam, kwenye mnada wa Pugu. Kati ya hapa na pale ni safari ya usiku na mchana kupitia Tinde, Nzega, Igunga, Singida, Dodoma na Morogoro. Ng'ombe wanasafiri wamesimama. Mzigo wa saruji ukirushwa unabaki saruji, ila ng'ombe akirushwa anaanguka, na aliyeanguka katikati ya wenzake anakanyagwa. Ndiyo maana kuna utingo huko juu na fimbo, anawachungulia, anamwinua anayelala. Dereva akiwa hodari, utingo hana kazi nyingi.

Mwangalie dereva huyo anavyoondoka. Haanzi na mafuta mengi. Klachi inaachiwa polepole mpaka ng'ombe wote wahisi mvuto wa kwanza na kutanua miguu, ndipo anaongeza. Akibadili gia kuelekea juu, anaachia mafuta taratibu kabla ya kukanyaga klachi, kwa sababu ukiyaachia ghafla lori linajizuia, na kundi zima linasukumwa mbele. Akiingiza gia inayofuata anaikutanisha na injini katika mzunguko unaofanana na ule magurudumu yanaoutaka, asiirushe shehena nyuma. Hayo yote yanapita katika muda wa kupumua mara moja, na anayarudia siku nzima. Tuta la kijiji ni mtihani mwingine: lazima mwendo uwe umekwisha kupungua kwa gia, ili breki iguswe kidogo tu. Nimesimama na wafanyabiashara wa mifugo wakizungumzia madereva, na nimeona kwamba hawamsifu dereva kwa kuwahi. Wanamsifu kwa idadi ya ng'ombe waliofika wakiwa wamesimama kwa miguu yao.

Ukiacha lami, gia inakuwa na kazi nyingine. Wakulima wa Kisukuma wana majina ya udongo kufuatana na mteremko: luseni, ule mchanga wa juu, itogolo, mgumu usionyonya maji vizuri, katikati, na mbuga, udongo mweusi wa mabondeni ambako mpunga unapendeza. Dereva naye anahitaji majina hayohayo. Kiangazi mbuga inapasuka nyufa za kuingia mkono. Mvua zikianza Novemba inageuka gundi. Inashika tairi, inajaza mistari yake yote, na tairi lililojaa mbuga halina tena tofauti na bomba la plastiki.

Kuvuka mbuga yenye maji kuna kanuni moja kubwa: chagua gia ukiwa bado pakavu. Namba mbili, mara nyingi, na mafuta ya kutosha yasiyobadilika. Ukishaingia hubadili kitu, maana ukikanyaga klachi katikati ya tope umekata nguvu ya magurudumu, gari linasimama pale pale, na kuliondoa tena ni kazi ya watu wengi na majembe. Namba moja inavuta sana na kuchimba. Namba tatu haina nguvu. Kwenye otomatiki nyingi kuna alama za 2 na L kwa kazi hiyohiyo, na wengi wetu tumezimiliki miaka bila kuzigusa. Nilipokuwa nazo nilikuwa naweka D na kuomba Mungu. Sasa nasimama kwenye luseni, nashuka, natazama alama za tairi za waliotangulia, naona maji yamesimama wapi, naamua. Kuvuka kwenyewe kunaisha upesi.

Na kuna asubuhi ambazo betri imekufa, jambo la kawaida kwa gari linalolala mbali na fundi. Otomatiki isiyowaka inasubiri waya na gari la pili. Manyo inasubiri vijana watatu. Unawasha swichi, unaweka gia namba mbili, unakanyaga klachi, wanasukuma, na gari likipata mwendo unaiachia klachi kwa ghafla ili magurudumu yaizungushe injini. Ni kazi ileile ya klachi ikifanywa kinyume: nguvu inatoka barabarani na kurudi ndani. Kijijini hili limewahisha watu wengi zahanati.

Nilijifunza mengi kuhusu kushuka milima nikiwa abiria wa lori kutoka Singida. Watu wa Shinyanga tunaishi tambarare, milima kwetu ni mawe yaliyorundikana hapa na pale, ila kila anayekwenda au kutoka Dar es Salaam kwa barabara lazima akutane na Sekenke. Ni pale nyanda za juu za Iramba zinapokatika na barabara kujipinda kuteremka mpaka bonde la Wembere, eneo ambalo Wajerumani walichimba dhahabu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa lori lililotoka Dar na mzigo, Sekenke ni mteremko.

Dereva wangu alikuwa anazungumza tangu Iguguno. Tulipokaribia ukingo alinyamaza. Kabla barabara haijaanza kuinama alipangua gia, akapangua tena, akawasha egzosti breki, na tukaanza kushuka kwa mwendo ambao mtu wa baiskeli angetuacha. Kanuni ya watu wa malori ni kwamba mlima unaushuka kwa gia ambayo ungeupandia. Sababu yake ni joto. Tani nyingi zikiteremka, nguvu ya mteremko lazima iende mahali fulani, na ukiizuia kwa breki peke yake inakuwa moto kwenye ngoma na laini za breki, hadi zinafika kiwango ambacho unakanyaga na hakuna kinachoshika. Ukiwa kwenye gia nzito, magurudumu yanalazimika kuizungusha injini, nayo inakataa, na kukataa kwake ndiko kunakokushikilia mlima mzima. Anayejaribu kuingiza gia ndogo akiwa ameshapata kasi katikati ya mteremko anaweza kuikosa kabisa, akabaki fri, na fri pale Sekenke ni kifo. Dereva wangu alifika chini breki zake zikiwa baridi, akarudi kwenye mazungumzo pale alipoyaachia.

Fundi wa klachi ndiye msomaji mkuu wa haya yote. Nilikaa alasiri nzima na mmoja, Kahama, mji ambao malori yanayotoka bandari kavu ya Isaka kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hupita kila siku, na magari ya Kakola na Geita hushuka kutafuta spea. Alikuwa ameshusha gia boksi la mkonga na kuitandaza klachi juu ya gunia. Alinionyesha sahani zilizokwisha kutolewa siku zile, akanisomea wenyewe bila kuwajua. Hii, springi za katikati zimevunjika lakini ngozi bado nene: dereva anaachia klachi kwa pupa. Hii imeungua, imeng'aa, na flaiwili yake ilikuwa na madoa ya bluu: anasimama kwenye miinuko kwa nusu klachi badala ya hendibreki, au alikwama kwenye tope akalazimisha. Hii beringi imelika na vidole vya presha pleti vimechimbika: huyu mguu wake unalala juu ya pedali, hajui hata kama unalala pale. Kisha akatoa moja iliyoisha sawasawa pande zote, ngozi imekaribia ribiti, hakuna doa. Aliigeuza mara mbili, akaniachia niishike. Dereva wake, alisema, ni mtu mzima, na alileta gari kabla halijaanza kuteleza, kwa sababu aliisikia. Nimeona watu wakisifiwa kwa hotuba ndefu nisiguswe jinsi nilivyoguswa na ile sahani.

Siwezi kusema kila mtu ahame. Anayekaa foleni ya Dar es Salaam saa mbili kila jioni ana sababu zote za kubaki na otomatiki, na mwenye mguu mmoja au goti bovu amefunguliwa barabara na gari hilo. Kwa upande wa mafuta, ubora wa manyo ulikuwa dhahiri tulipokuwa tunalinganisha na otomatiki za gia nne; mpya zenye gia nane au kumi zinafanya vizuri kuliko madereva wengi. Hata kwenye migodi ya ukanda wa Geita, magari makubwa kabisa, yale ya kubebea mwamba yenye tairi refu kuliko mtu, yanabadili gia yenyewe, na dereva wake akili yake yote iko kwenye barabara ya shimo na waliomzunguka. Malori ya masafa nayo yanahama. Volvo walileta I-Shift mwaka 2001, gia boksi la manyo ambalo kompyuta ndiyo inaliamuru, na wenzao wakafuata. Kijana anayeanza utingo leo huenda akafika kiti cha dereva bila kukutana na pedali ya tatu.

Hilo linanigusa. Mashine ina haki ya kuboreshwa, na hii imeboreshwa tangu mwanzo wake: gia za kutelezesha alizozitengeneza Émile Levassor, Ufaransa, mwaka 1891 zilikuwa vyuma vinavyogongana, na ndizo zilizotuletea gari tunalolijua. Pete za kulinganisha mizunguko zilifika kwenye Cadillac mwaka 1928. Oldsmobile walianza kuuza gari lenye gia za otomatiki kamili, Hydra-Matic, kwa modeli ya mwaka 1940. Kila hatua ilimpunguzia dereva kitu cha kujua. Ninachokililia ni maarifa ya kati, yale ya watu waliokuja kabla ya pete kufika kwenye malori yao. Mzee wangu ni mmoja wao. Malori ya Kiingereza aliyoanzia kazi hayakuwa na pete. Ilibidi dereva mwenyewe alinganishe mizunguko kwa sikio, na njia yake inaitwa dabo klachi.

Amenieleza mara nyingi, mikono yake ikitembea hewani. Unakanyaga klachi, unatoa gia mpaka fri. Unaiachia klachi ukiwa fri. Kama unashuka gia, hapo unagonga mafuta kidogo ili shafti ya ndani iongeze mzunguko ufanane na gia ndogo unayoitaka. Unakanyaga klachi mara ya pili, unaingiza. Ukipatia, gia inaingia yenyewe. Ukikosa, lori zima linakuzomea na utingo anakucheka. Kwenda juu ni hivyohivyo bila kugonga mafuta, ila unasubiri mzunguko ushuke, na muda wa kusubiri unabadilika kufuatana na mzigo, mwinuko na hata joto la oili ya asubuhi. Hakuna mita inayokuonyesha. Aliendesha hivyo msimu baada ya msimu, kutoka magulio ya pamba mpaka kwenye viwanda vya kuchambulia, kwenye barabara za vumbi, usiku, taa zikiwa hafifu.

Kwenye kirikuu dabo klachi haihitajiki, lakini naifanya ninaposhuka kutoka gia namba tatu kwenda mbili kabla ya matuta ya Didia. Siku ninapopatia, gia inapokelewa bila kusukumwa na mayai nyuma hayatikisiki. Sasa nataka kuijaribu mahali inapohitajika kweli. Kuna lori moja la zamani ambalo bado linafanya kazi za msimu huku kwetu, lisilo na pete kwenye gia za chini, na mwenye lori ni mtu anayemheshimu mzee. Nilipomwomba mzee anifundishie humo alinyamaza muda mrefu, akauliza ninavaa viatu gani nikiendesha. Amekubali. Tutangoja pamba iishe na lori liwe tupu, na nitafute viatu vyenye soli nyembamba.